Jani la Mkaratusi Kwenye Rafu ya Mafaili

Mjukuu wangu Nyamizi alikuwa na mafua siku hiyo. Alikuwa amejipaka dawa ya kifua mpaka shingoni, na kibanda chote kinanuka mkaratusi. Harufu hiyo mimi siiwezi. Siyo kwamba ni mbaya, ila inanichukua inanipeleka mahali. Sasa nimekaa hapo nayo puani, nainua macho, namwona Nyamizi kidole kiko juu ya kile kitufe cha kufutia, macho kwenye kioo cha kompyuta, ananiuliza bila hata kugeuka:

"Bibi, hivi vifolda vitupu ni vya nini? Niviondoe?"

Nikamdaka mkono. Nilimdaka kwa nguvu mpaka akapiga kelele, "Aii, Bibi! Unaniumiza!" na mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi akarudi nyuma hatua moja.

Ninyi wa rika langu mtacheka, bibi aliyeishia darasa la nne anafanya nini mbele ya kompyuta. Nitawaambia. Nyamizi ana kibanda cha steshenari hapa Mtendeni. Anachapa barua za watu, anaskani vyeti, anatengeneza kadi za harusi. Mimi tangu magoti yalipogoma nashinda naye, kwa sababu kuna feni, na kwa sababu nyumbani sina wa kuzungumza naye isipokuwa kuku. Alianza kunifundisha ili ninyamaze, hilo najua, sijazeeka kiasi cha kutojua. Kompyuta yake ilikuwa imejaa mafaili ya watu ovyoovyo, cheti cha ubatizo kimelala na bei ya mabati, na yeye hana muda wa kupanga. Akaniambia, "Bibi, kazi yako iwe kuhamisha. Kila kitu kiende kwenye folda yake."

Mwanzoni nilikuwa naburuta. Nashika faili kwa mausi, naliburuta, mkono unatetemeka, linadondoka njiani kwenye folda ya mtu mwingine. Nyamizi akasema, "Usiburute, Bibi, utavunjika kiuno. Kata, halafu ubandike." Unabonyeza kontroli na eksi, faili linafifia kidogo lakini haliondoki, liko palepale linakungoja. Unakwenda unakotaka, unabonyeza kontroli na vii, hapo ndipo linahama kweli. Yakiwa mengi yamefuatana, unagusa la kwanza, unashikilia shifti, unagusa la mwisho, yote yanavaa rangi ya buluu kama watoto wa shule. Akanionyesha kufungua madirisha mawili, moja kushoto na jingine kulia, ili nione linakotoka na linakokwenda. Halafu akanionyesha kontroli na zedi. Ukikosea, ukibonyeza hiyo, faili linarudi pale lilipokuwa, kama vile hukuligusa.

Hiyo ya kurudisha, siku aliyonionyesha, nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Nyamizi akadhani ni joto.

Lakini kuna jambo moja hakunifundisha yeye. Nililianzisha mwenyewe kimyakimya. Kila nikihamisha mafaili ya mtu, kule yalikotoka naacha folda tupu, naipa jina la mti. Mninga, maana yake yamekwenda kwenye folda ya mahakama. Mwarobaini, yamekwenda kwenye vyeti vya hospitali. Mkaratusi, yamekwenda kwenye mashamba na ramani. Hivyo ndivyo vifolda vitupu ambavyo Nyamizi alitaka kuvifagia. Na mimi mwenyewe, nikiwa mdogo kuliko yeye kwa miaka mingi, niliwahi kufagia kitu kama hicho. Sikuulizwa na mtu, na hapakuwa na wa kunidaka mkono.

Baba yangu, Maganga, alikuwa mtu wa masjala pale boma. Masjala ni chumba cha mafaili, kwa wale ambao hamkukijua. Rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka darini, mafaili yamesimama yamebanana, na kila moja ni maisha ya mtu. Mimi nilidhani hivyo kabisa, kwamba watu wenyewe wamo ndani. Baba akisema jioni, "Leo nimempeleka Mzee fulani kwa Bwana Afya," nilimwona yule mzee amekunjwa, amewekwa kwapani mwa baba, anapelekwa. Sikuona ajabu. Watoto hatuoni ajabu mahali penye ajabu.

Tulikaa Kwihara. Kabla ya shule kuniita mchana, mama alinituma boma na chakula cha baba, michembe ya viazi vikavu na karanga ndani ya kibakuli, nimekifunga kwenye kanga. Ni mwendo, siyo hapa na pale. Ndiyo njia ileile ambayo babu yake baba alipita na mzigo kichwani kwenda pwani, miezi na miezi. Baba alipenda kutusimulia. Alisema babu yake alikuwa anatangulia msafara, na kila penye njia panda alivunja tawi la majani mabichi akalilaza kwenye njia isiyofaa, ili walio nyuma na mizigo yao wasipotee. Nilikisikia kisa hicho mara mia. Kilinipita tu, kama mbuzi anavyopita mbele ya duka.

Siku hiyo nilimkuta baba hayupo, ametumwa ofisi ya pili. Nikaingia masjala peke yangu. Kumekaa kimya, kunanuka karatasi kuukuu na vumbi, na mwanga mwembamba unapita dirishani. Nikatazama rafu. Katikati ya mafaili palikuwa na pengo, upana wa viganja viwili, na ndani ya pengo kuna jani. Jani moja tu, limeanza kukauka.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Lazima niwaeleze ni kwa nini. Wiki ile ile nilikuwa nimemsikia mama akimwambia baba, "Mume wangu, kuna mtu anakiwinda kiti chako. Wewe cheka tu." Na miezi michache kabla, jirani yetu alikuta majani yamefungwa kwenye mlango wake, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amehama na watoto wake wote. Mimi hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Jani nje ya mlango linahamisha familia, je, jani ndani ya masjala ya baba?

Nililishika kwa ncha ya kanga, nisiliguse kwa mkono. Nikatoka nalo mbio mpaka choo cha nyuma, nikalitupa shimoni. Nikarudi, nikasukuma mafaili kwa mabega yangu yote mawili mpaka pengo likazibika. Nikajiona nimemwokoa baba. Hata nilipomkabidhi kibakuli nilikuwa natabasamu, akaniuliza, "Nyanzala, umekula asali ya nani leo?"

Kanga yangu ilinuka siku nzima. Mama akauliza nani anaumwa kifua.

Zikapita siku mbili, tatu. Siku ya nne baba alirudi nyumbani akapita mbele ya chakula kama hakioni. Faili la Mama Kalunde limepotea.

Mama Kalunde tulimjua sote pale Kwihara. Mjane, mrefu, mkimya, analima karanga na mpunga kwenye shamba aliloachiwa na mumewe. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amelishika lile shamba upande mmoja na kulivuta kwake. Kesi ilikuwa isikilizwe Ijumaa. Karatasi za mumewe, zile zenye alama yake ya kidole gumba, zimo ndani ya faili hilo na hazina nakala. Hakimu alikuwa ameshasema: faili lisipokuwa mezani kwake Ijumaa kabla ya kengele ya saa sita, kesi inafungwa na shamba linabaki kwa anayelilima. Na shemeji tayari alikuwa ameshaingiza ng'ombe wa kulimia.

Baba alizunguka ofisi zote. Kwa hakimu, hakuna. Kwa Bwana Afya, hakuna. Kwa bwana shamba, hakuna. Ofisi ya ramani ilikuwa imefungwa kufuli, mwenyewe yuko porini Urambo anapima, na hakuna aliyefikiria huko, kwa sababu faili la kesi lina kazi gani kwenye ramani? Wakatoa mafaili ya rafu nzima wakayatandaza sakafuni. Baba alikuwa akiyainua moja moja, anayaangalia namba, anayarudisha. Nilimwona kwa macho yangu nilipopeleka chakula. Hakunisalimu.

Alhamisi, mbele ya lango la boma, yule shemeji alikuwa ameegemea baiskeli yake. Baba alipotoka akamwita kwa sauti ya watu wote wasikie:

"Maganga! Nasikia kuna faili limeota miguu. Likifika kwangu nitalipatia maji ya kunywa."

Watu wakacheka. Na cheko hilo, ninyi watu wazima mnalijua, maana yake ilikuwa moja tu: huyu ameshakula kitu. Bwana Karani, aliyekuwa mkubwa wa masjala, alimwambia baba waziwazi kwamba Ijumaa ikipita, yeye anaandika barua kwa wakubwa, na barua hiyo itakuwa na neno wizi ndani yake.

Lakini lililomuua baba halikuwa hilo. Lilikuwa Mama Kalunde. Alikuja nyumbani kwetu jioni ile, jua bado lipo. Hakukaribia kigoda alichopewa. Alisimama uani akasema taratibu, "Maganga mdogo wangu. Umeniuza?"

Baba akamsogezea kigoda tena.

"Niambie tu," akasema. "Nikajue kama nipande au nisipande."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kanga yangu, ileile, haijafuliwa. Na hapo, sijui kwa nini hapo na siyo kabla, harufu ya ile kanga ikanipanda puani, na nikaanza kufikiri. Pengo upana wa viganja viwili. Faili limetoka. Jani limeingia. Babu na tawi lake kwenye njia panda. Sikuelewa yote. Nilielewa tu kwamba mimi nimefanya kitu, na kwamba baba amesimama uani analaumiwa kwa ajili yake.

Je, nilisema? Sikusema. Niwe mkweli, niliogopa fimbo. Nikala, nikanyamaza.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka kama naenda shambani kuokota kuni, nikashika njia ya boma. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena, mbavu zinachoma, na jua linapanda, na mimi naliangalia jua kama adui. Nilipofika, upenuni kwa mahakama watu wamejaa. Mama Kalunde amekaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, ameweka mikono juu ya mapaja. Shemeji yupo, amevaa koti. Nikawapita.

Baba alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Karani kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Nyanzala? Nani kafa?"

"Mimi niliutoa uchawi."

Bwana Karani akaweka kalamu chini. "Uchawi gani tena? Maganga, toa mtoto."

"Kwenye mafaili," nikasema, machozi tayari. "Palikuwa na jani. Nililitupa chooni. Nilidhani wanakuhamisha."

Ninyi ndugu zangu, nimeishi miaka mingi, nimezika mume, nimezika na watoto wawili. Sura ya baba dakika ile ndiyo ninayoiona bado. Hakukasirika. Alipiga goti moja akawa sawa na mimi, akanishika mabega.

"Jani gani, mwanangu?"

"Sijui."

"La mviringo? Dogo dogo kama la mwarobaini?"

"Sikuliangalia, Baba. Nililishika kwa kanga, nikakimbia."

Nje mtu akasema saa imekaribia. Baba akafumba macho. "Lilinukaje?"

Nilivua kanga yangu nikampa. Akaikunja, akaiweka puani, akavuta pumzi ndefu.

"Mkaratusi," akasema, na akasimama. "Bwana Karani, naomba ufunguo wa ofisi ya ramani."

Kule ramani, mlangoni kabisa, kulikuwa na mikaratusi miwili mirefu. Mlangoni kwa mahakama, mninga. Kwa Bwana Afya, mwarobaini. Leo naweza kuwaambia hivi kwa mstari mmoja, lakini pale Bwana Karani hakuelewa kitu, na ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni mwake, na hakuwa mtu wa kufungua ofisi ya mwenzake kwa ajili ya kunusa kanga.

"Nieleze kwanza," akasema. "Jani linahusiana vipi na faili la serikali?"

Baba akaniangalia. Akaangalia mlango, watu waliojazana pale kusikiliza.

"Mimi sijui kusoma, bwana."

Wale wa mlangoni wakasogea karibu.

"Namba nazijua. Faili nalitoa kwa namba, na yakiwa mengi kichwa hakiyashiki yote. Nikishalifikisha kwa mtu, nachuma jani la mti ulioko mlangoni kwake, narudi naliweka pale lilipotoka. Likihitajika, naangalia jani, najua nilifuate wapi. Miaka yote hii halijapotea hata moja."

"Miaka yote hii," Bwana Karani akarudia polepole. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

Faili lilikuwa juu ya meza ya ramani, chini ya karatasi kubwa zilizokunjwa. Bwana Ramani aliliomba aone mpaka wa shamba, kisha akaitwa Urambo, akaondoka. Baba alilibeba kwa mikono miwili, akavuka uwanja akikimbia, mtu mzima yule, kaptura ya kazi na viatu vya matairi, na kengele ikaanza kulia akiwa kwenye ngazi. Mimi nilidhani moyo wangu ndio unaolia. Alipoliweka mezani kwa hakimu kengele ilikuwa bado haijamaliza.

Mama Kalunde alibaki na shamba lake. Alilima mpaka uzee, na kila msimu debe la kwanza la karanga lilifika uani kwetu bila maneno.

Baba hakufukuzwa. Alihamishwa. Jumatatu yake walimtoa masjala, wakamweka getini na rungu. Mshahara ukapungua, mimi nikaacha shule darasa la nne nikaenda kwenye tumbaku, na sitawadanganya, siku ya kwanza nilifurahi, maana mwalimu wa hesabu alikuwa na mkono mzito. Kuumia kulikuja baadaye, taratibu, kwa awamu. Baba hakunipiga, na hakumwambia mtu yeyote, hata mama, kwamba angekaa masjala mpaka kustaafu kama si mimi. Wa mlangoni walitangaza tu kwamba hajui kusoma, na mama alikufa akiamini ni wachawi.

Yalipoletwa madarasa ya watu wazima, baba alikwenda. Mimi ndiye niliyekuwa namsahihisha jioni, kwa herufi zangu chache. Siku moja alinikalisha uani, akachukua kijiti, akaandika chini pole pole, ulimi nje kama mtoto: MKARATUSI. Kisha akatoa jani mfukoni, akaliweka kando ya lile neno. Akaangalia neno. Akaangalia jani. Akaangalia neno tena.

"Kumbe ni hilohilo," akasema.

Hayo yote nilimweleza Nyamizi huku bado nimemshika mkono, na yule mteja wa fotokopi alisahau kuondoka. Nilipomaliza Nyamizi akatoa kidole kwenye kitufe. Akapenga kamasi.

"Lakini, Bibi, kompyuta ina sehemu ya kutafuta. Unaandika jina tu, inakuletea."

"Na ukiwa hujui jina?"

Akafikiri. "Basi usije ukaniachia na mpera. Folda ya mpera sina."

Vifolda vikabaki. Nikarudi kwenye kazi, wateja walikuwa wengi.

Sasa sikieni la wiki iliyopita. Picha ya baba ninayo moja tu, kaptura na rungu, amesimama getini. Karatasi yake iliharibika kwa mvua, lakini Nyamizi alikuwa ameshaiskani, imo kwenye folda yenye jina langu. Huwa naifungua kila asubuhi kabla ya kazi. Siku hiyo nikafungua folda, haipo. Nikashuka chini, nikapanda juu. Haipo. Nyamizi ametoka kupeleka kadi za harusi. Nikabonyeza kontroli na zedi, hakuna kilichorudi.

Ndipo nikaona, palepale ilipokuwa picha, folda tupu. Jina lake: mlimau.

Mti huo siutumii mimi. Nikakaa nikaangalia. Halafu nikakumbuka chumba alichopanga Nyamizi na mumewe, huku nyuma ya soko. Mlangoni kuna mlimau.

Nikafungua folda yake mwenyewe, ile ya mambo yake binafsi ambayo huwa siigusi. Baba alikuwa humo, amesimama getini na rungu lake, ananitazama.